Shimo Lililokandikwa

Watu wengine wakienda ukweni kwa mara ya kwanza hupeleka zawadi. Mpimaji wa udongo yeye aliokota donge. Alikuwa amesimama uani akisubiri kukaribishwa, mikono haina kazi, na donge jeusi lilikuwa miguuni pake. Basi akaliokota, akalitemea mate, akalifinyangafinyanga, kisha akaanza kulisukuma kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka likatoka utepe mrefu, ukaning'inia bila kukatika. Aliufurahia utepe ule, kusema kweli, kuliko alivyoifurahia posa. Alipoinua macho, mama mkwe mtarajiwa alikuwa mlangoni, fagio mkononi, anamtazama kijana aliyevaa shati la pasi akichezea matope ya mate yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo akaitwa Profesa, na haikuwa sifa.

Utepe ule haukuwa mchezo, ingawa hakuna aliyeuliza. Udongo wa kichanga ukiusukuma namna hiyo hukatika kabla haujafika urefu wa ukucha. Ulio na mfinyanzi mwingi hutoka laini na mrefu, na kadiri utepe unavyorefuka ndivyo mfinyanzi unavyozidi. Huo wa ukweni ulikuwa mrefu kuliko wowote aliowahi kuushika kazini, tena ulikuwa mahali pasipo pake. Kila mtu wa kazi hiyo hufundishwa kwamba udongo mweusi mzito, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, makazi yake ni bondeni, kwenye tambarare, maji yanakotulia. Huu ulikuwa umekaa ubavuni mwa kilima, upande mkavu unaochomwa na jua la alasiri, penye mteremko ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili. Profesa aliuchunguza miaka mingi, kila alipokwenda kusalimia, mpaka akaijua siri yake. Jiwe jeusi la kileleni lilikuwa linaoza taratibu palepale lilipo, na uozo wake ndio uliokuwa udongo. Haukuletwa na maji kutoka kokote, ulizaliwa pale.

Mkuu wa Kitengo cha Udongo hakuamini. Alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa hajaingia shimo la kupimia udongo kwa miaka kumi na miwili. Alichokuwa nacho ni Fomu Namba Saba, aliyoitunga mwenyewe. Kwenye fomu hiyo, mbele ya maneno "mfinyanzi unaopasuka", palikuwa pameshapigwa chapa neno "bondeni". Hapakuachwa nafasi ya kuandika kitu kingine.

"Huo uliouona ni mfinyanzi wa kawaida," alimwambia Profesa kila walipokutana mlangoni mwa vyumba vyao viwili, cha mbele chenye kiti kinachozunguka na cha nyuma chenye sinia za bati zilizojaa udongo unaokauka.

"Unapasuka, Mkuu. Mkono mzima unaingia."

"Mkono wako mwembamba."

Walibishana hivyo mwaka mzima, kwa adabu, maana walikuwa wanatumia kabati moja.

Ndipo likaja agizo la vilima. Mashamba yote yaliyo kwenye mteremko mkali yafungwe, yaachiwe nyasi na miti. Palikuwa na msamaha mmoja tu: shamba lenye udongo unaopasuka, na lililojengewa kingo za mawe, liendelee kulimwa. Sababu iliandikwa vizuri, na safari hii ilikuwa sababu ya kweli. Udongo wenye nyufa huimeza mvua ya kwanza, ikashuka chini kwa chini. Mfinyanzi usio na nyufa, ukiwa kwenye mteremko, hugeuka utelezi. Maji hupita juu yake mbio na kuondoka na kila kitu.

Mama mkwe wa Profesa alikuwa na shamba hapo. Lilikuwa na kingo kumi na nne za mawe. Tisa alizijenga na marehemu mumewe, tano alizijenga peke yake, akibeba jiwe mojamoja kwa miaka. Shamba hilo ndilo lililomlea mke wa Profesa na ndugu zake wanne, na sasa lilikuwa linamlea Mama mwenyewe, ambaye hakuwa na mpango wa kulelewa na mtu.

"Likifungwa, atahamia kwetu," mkewe Profesa alisema, akikunja nguo kitandani.

"Si vibaya. Ni mama."

"Ni mama yangu, ndiyo maana namjua. Atafagia sakafu hii mpaka rangi itoke. Na wewe atakufagia." Kisha akaacha kukunja. "Lakini si hilo. Mama bila shamba lile atakufa, tena atakufa ameketi. Sitaki kuliona hilo."

Profesa akamwambia asiwe na wasiwasi. Kwa udongo ule hapakuwa na cha kuogopa. Kanuni ilimkataza kupima ardhi ya jamaa yake, kwa hiyo Mkuu mwenyewe angekuja kuangalia na kuandika. Yeye kazi yake ingekuwa kuchimba tu. Na akishachimba, udongo ungejisemea. Alisema hivyo kwa raha ya mtu aliyebishana mwaka mzima na sasa anasubiri kushinda.

Alichimba siku ya Jumapili, shimo la kina cha kifua, katikati ya ukingo wa sita na wa saba. Ukuta wake ulikuwa mzuri kuliko alivyotarajia. Nyufa zilishuka kutoka juu hadi karibu na nyayo zake, nyingine pana za kutosha kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Humo ndani, madonge yalikokuwa yakisuguana kila mvua na kila kiangazi, nyuso zake zilikuwa zinang'aa kama zimepigwa pasi. Profesa alikaa shimoni humo akitabasamu peke yake.

Alipotoka, alimkuta Mama akimsubiri na maji ya kunawa.

"Mama, hilo shimo liache wazi mpaka Jumatano," alisema. "Lazima likauke. Mkuu wangu atakuja kuliangalia, na tunataka auone udongo vizuri."

"Mkuu wako mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Atakuja hapa kwangu?"

"Hapahapa."

Palikuwa na neno moja la kuongeza, nalo ni kwamba asiliguse. Lakini nani anamwambia mama mkwe asiguse kitu shambani kwake? Alilitafuta neno lenye adabu la kulibeba lile lisilo na adabu, akalikosa, akanawa mikono, akaaga. Tena alikuwa anamjua. Huyu alikuwa mwanamke anayefagia ua mara tatu kwa siku, na akimaliza ua wake hufagia njia ya watu hadi kona. Aliwahi kumrudisha mgeni mlangoni akapanguse viatu, na mgeni mwenyewe alikuwa amekuja kutoa pole ya msiba. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba mkubwa anakuja kuangalia shimo lake, hata mtoto mdogo angejua kitakachotokea. Profesa, mwenye cheti cha kusoma ardhi, hakujua.

Jumatano gari la ofisi liliishia chini, wakapanda kwa miguu. Mkuu alikuwa amevaa viatu vyeusi vilivyopigwa dawa, na kila walipofika kwenye ukingo wa mawe alisimama kuusifia, ili apumue. Profesa akatangulia. Alifika shimoni wakati Mkuu bado yuko kingo tatu chini, anajifuta jasho.

Shimo lilikuwa limekuwa sebule. Kuta zake zilikuwa zimekandikwa kuanzia juu hadi chini, zikapitishwa kiganja chenye maji mpaka zikalainika. Pembe zilinyooka. Sakafu ilifagiwa, na upande mmoja palichongwa ngazi tatu, kila moja na jiwe lake bapa. Mdomoni pote palipangwa vijiwe vyeupe. Kando ya shimo kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kitambaa kilichofumwa maua, ambacho Profesa alikuwa hajawahi kukaribishwa kukikalia. Mama alisimama nyuma ya kiti, amevaa nguo za kutokea, mikono ameikunja mbele.

Profesa hakuhitaji kushuka ili kujua. Udongo wa ukutani ulikuwa wa kahawia, wenye chembe za mchanga zinazometameta, na kilima kile hakikuwa na punje yake hata moja.

"Mama," alisema. "Umelifanyaje?"

"Nimelisafisha kidogo tu," alinong'ona Mama. "Lilikuwa la aibu, mkwe wangu, nyufa kila upande. Mkubwa wako angeliona vile angekusema wewe. Angesema huyu kwao wanaishi hivi?"

"Na huu udongo?"

"Wa bondeni, pale kando ya mto penye mchanga. Huu wetu haukandikiki, ukiupaka leo kesho umepasuka. Nimeuleta kwa ndoo."

Kwenda bondeni ni nusu saa, na kurudi na ndoo kichwani ni saa nzima. Kwa ukubwa wa shimo lile, Profesa alikadiria bila kutaka, zilikuwa ndoo zisizopungua kumi na tano. Mwanamke wa miaka sitini na minne alikuwa amepanda kilima kwa siku mbili, akifunika kwa mikono yake kitu pekee kilichoweza kumwokoa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema mtu afanye nini nyufa zenyewe zinapokuwa ndizo kibali chake.

Mkuu akafika. Akakaribishwa kiti, akakikalia, akalitazama shimo kwa muda mrefu.

"Nani kaliandaa hili?"

"Ni mimi, Bwana Mkuu," alisema Mama.

"Mama, nimo katika kazi hii miaka ishirini na sita. Sijaona shimo kama hili." Akamgeukia Profesa. "Unaona? Mwongozo unasemaje? Ukuta wa shimo usafishwe kabla ya kusomwa. Nyinyi kila siku mnaniletea mashimo kama ya fisi. Mama hajasoma mwongozo na kaupita."

Mama akainamisha kichwa ili asionekane anatabasamu.

Profesa alishuka ngazi tatu, mkononi kisu cha kuchongea. Alitia ncha ukutani, akakwangua kipande cha ukubwa wa kiganja. Nyuma ya kahawia, upana wa vidole vitatu ndani, palionekana weusi. Akapumua. Palikuwa pamebaki kuchokonoa kidogo tu. Juu yake Mama akakohoa kikohozi kimoja kikavu.

"Mkwe, utabomoa," alisema kwa upole.

"Msikilize Mama," alisema Mkuu. "Usiharibu ushahidi. Nipe bonge hapohapo ulipo."

Profesa alitazama juu. Kutoka shimoni alichoona kwanza ni miguu ya Mama. Alikuwa ameiosha na kuipaka mafuta kwa ajili ya mgeni, lakini chini ya kucha tope la bondeni lilikuwa bado limekwama. Sentensi iliyohitajika ilikuwa fupi. Mkuu, huu si udongo wa hapa. Maneno sita, hata mlevi angeyapanga. Lakini baada ya maneno hayo sita Mkuu angeuliza umetoka wapi, na mama wa watu, na kitambaa chake cha maua na vijiwe vyake vyeupe, angesimama pale kama mtu aliyekamatwa akidanganya. Moyo ulimuuma Profesa, uliuma kwelikweli. Akajiambia kwamba hii ni heshima, kwamba mtu hamwaibishi mama mkwe mbele ya mgeni, na kwamba ofisini atapata nafasi ya kulieleza jambo hili kwa utulivu. Akamega bonge la kahawia, akalipandisha.

Mkuu alilinyunyizia maji, akalisukuma kwa kidole gumba. Utepe ukakatika ukiwa mfupi kuliko ukucha. Akajaribu tena, ukakatika tena. Alimtazama Profesa kwa huruma ya mshindi.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima unanisumbua na huu."

Kisha akatoa kalamu ya kwanza kati ya zile tatu, akajaza Fomu Namba Saba akiisoma kwa sauti, maana aliipenda. Mteremko: mkali. Upande: mkavu. Rangi: kahawia. Mfinyanzi: kidogo. Nyufa: hakuna. Mama aliposikia "nyufa hakuna" alishusha pumzi, kama mtu aliyesikia mtoto wake amefaulu.

Wakati wa kushuka, Mkuu alikatiza shambani ili kufupisha njia. Katika ukingo wa tatu mguu wake ulizama ardhini mpaka katikati ya goti na kifundo, na alipouvuta ulitoka bila kiatu. Profesa akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani ndani ya ule ufa, akakitoa kiatu, akakipangusa.

"Panya wa huku wakubwa," alisema Mkuu, akikivaa.

Hapo palikuwa na nafasi ya pili, tena ilijileta yenyewe na kumshika Mkuu mguu. Mama hakuwapo kusikia, alikuwa amebaki juu akikunja kitambaa chake. Profesa akafungua mdomo.

"Wakubwa, Mkuu," alisema.

Kwa nini alisema hivyo hakujua, na njia nzima ya kurudi mjini alijiuliza. Labda ni kwa sababu akishasema juu ya ufa huu ingembidi aeleze kwa nini hakusema juu ya ukuta ule. Kimya cha kwanza kilikuwa kimeshazaa cha pili. Alijipa moyo kwamba muda upo. Ofisi yao ilichukua miezi saba kumpatia kiti kipya baada ya kile cha zamani kuvunjika chini yake; faili la kilima lingelala kabatini mpaka mvua zipite, naye angelitoa siku moja nzuri, akasema, Mkuu, hebu twende tukaliangalie tena.

Faili la kilima lilichukua siku tano. Mkuu alikuwa amefurahi mno, na furaha ndiyo iliyokuwa imekosekana katika idara ile miaka yote. Jumatatu barua ilikuwa juu ya meza ya Profesa, imepigwa mhuri, na kikaratasi kimebanwa juu yake: "Mpelekee Mama mwenyewe, itamfurahisha."

Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema kwamba Kitengo kinampongeza mwenye shamba kwa kuandaa shimo la uchunguzi kwa usafi wa hali ya juu, mfano wa kuigwa na wananchi wote. Ya pili ilisema kwamba kwa kuwa udongo wake umebainika hauna nyufa, shamba limefungwa kuanzia msimu ujao, kingo za mawe zisiendelezwe, na mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, akieleza sababu.

Profesa aliitia barua mkobani. Ilikaa humo siku tisa. Aliipeleka kazini na kuirudisha nyumbani, ikasafiri kuliko barua nyingine yoyote ya ofisi ile.

"Mama anaulizia majibu," mkewe alimwambia mara mbili.

"Yanashughulikiwa."

"Nani anayashughulikia?"

"Mimi."

"Basi nimeanza kuogopa," alisema mkewe, akamtazama kwa muda, lakini hakuuliza zaidi. Naye pia alikuwa anamheshimu mtu.

Siku ya kumi Profesa alipanda kilima. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima, na yote yalikuwa mazuri. Mama alikuwa anafagia. Alimkaribisha ndani, akampa maji ya kunywa, akaketi mkabala naye na miwani yake iliyofungwa kwa uzi puani.

"Umeniletea barua," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nisomee. Leo macho yamechoka."

Profesa akaifungua. Akasoma aya ya kwanza polepole, kwa sauti ya ofisi. Usafi wa hali ya juu. Mfano wa kuigwa na wananchi wote. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Wameandika vizuri," alisema. "Hebu isome tena."

Akaisoma tena. Ilikuwa rahisi zaidi mara ya pili, na alijichukia kwa urahisi huo.

"Na hapo chini?"

"Hapo chini, Mama, ni mambo ya kawaida ya ofisi."

Mama alirekebisha uzi wa miwani. Kisha akaanza kusema, bila kuitazama karatasi, na kila neno lilikuwa mahali pake: "Kwa kuwa udongo wa shamba tajwa umebainika hauna nyufa, shamba hilo limefungwa kuanzia msimu ujao, na mwenye shamba haruhusiwi kuendeleza kingo za mawe." Akasita. "Mnaandika 'nakala kwa mwenyekiti wa mtaa', mkwe wangu. Mwenyekiti akiletewa karatasi huibandika ubaoni. Nimeisoma tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Wote tumeisoma."

Mtu aliyekula mshahara wa ofisi miaka kumi na moja, na kuandika "nakala kwa" chini ya barua mia, alikuwa amesahau kwamba nakala husomwa. Profesa alikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilipofika kwenye 'hauna nyufa' nilikaa chini palepale, mbele ya watu," alisema Mama. "Nyufa ndizo zilizokuwa zinatakiwa?"

"Ndizo, Mama."

"Nami nikaziba."

"Hukujua."

"Sikujua. Wewe ulijua?"

Nje kuku alikuwa anachakura mahali palipofagiwa sasa hivi, na Mama hakuinuka kumfukuza. Hilo ndilo lililomtisha Profesa kuliko swali.

"Nilijua," alisema.

"Ulipofika tu?"

"Nilipouona ukuta."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Kwa heshima, Mama. Nisingeweza kukuaibisha mbele ya Mkuu. Ulibeba udongo siku mbili kwa ajili yangu. Nilikuonea huruma mpaka nikashindwa kusema."

Mama alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha.

"Mimi ningeaibika nusu saa," alisema. "Ningecheka na nyinyi, ningebandua ule udongo kwa mikono yangu, mkaona mlichokuja kuona, mkaenda zenu. Nimezika mume, nimebeba mawe mbele ya watu walioniita kichaa. Nusu saa ya aibu ungenipa tu, ningeipokea. Sasa umeniheshimu, na shamba limekwenda. Hiyo heshima, mkwe wangu, nitaipanda wapi?"

Profesa aliiweka barua magotini.

"Zimebaki siku nne," alisema Mama. "Nimezihesabu. Nilikuwa nataka kuona utakuja lini, na ukija utaifikia aya ya pili au hutaifikia. Una karatasi?"

"Ninayo."

"Mtu wa ofisi hakosi. Andika, macho yangu yamechoka kweli. 'Mimi mwenye shamba naleta pingamizi. Shimo mlilolisoma nililikandika mwenyewe kwa udongo wa bondeni, kwa kuona aibu ya nyufa. Udongo wangu ni mweusi na unapasuka. Njooni mchimbe popote mtakapo, hata chini ya kitanda changu.' Umefika?"

"Nimefika, Mama."

"'Mkwe wangu, ambaye ni mtumishi wenu, aliliona hilo siku hiyohiyo, akanyamaza.'"

Kalamu ilisimama.

"Mama, wakilisoma hili wananifukuza kazi."

"Huenda. Mimi wameshanifukuza yangu." Alisema bila ukali. "Ukiliacha, watasema bibi kizee anatunga uongo baada ya kushindwa. Kuna mwingine aliyeona?"

Hakukuwa na mwingine. Profesa akaandika. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kujazia fomu, herufi zilizosimama wima, na alipomaliza Mama akamwambia asome yote. Akasoma kuanzia juu, shimo, bondeni, nyufa, kitanda, mpaka mwisho: "'Mkwe wangu, ambaye ni mtumishi wenu, aliliona hilo siku hiyohiyo, akanyamaza kwa heshima.'"

"Hilo la mwisho nimelisema mimi?"

"Nimeliongeza mwenyewe, Mama."

"Kata," alisema Mama. "Andika 'kwa woga'."

Profesa akakata, akaandika, kisha akampa kalamu atie sahihi.